Mashimo Manane

Wale mliosikiliza kipindi cha mwezi uliopita mliniuliza ile kelele ya nyuma ilikuwa ya nini. Mmoja alidhani jirani anavunja ukuta. Hapana jamani, ni Papa. Ile tok-tok-tok ni patasi inachonga jino kwenye nguzo ya mkaratusi, uani kwetu hapa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Niliahidi nitaeleza, sasa naeleza.

Papa amejenga nyumba ya mbao. Ni chumba kimoja tu, mita 3 kwa 3.6, na tumekijenga mimi na yeye kwa mikono, wikendi kumi na moja. Watu wengi Joburg wana kijumba cha mbao uani. Ukitoka mjini kwa barabara kubwa utaviona vimepangwa kando ya lami vikisubiri mnunuzi, na kila mtu anaviita wendi. Jina limetoka kwenye tamthilia ya Peter Pan ya J. M. Barrie, iliyochezwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1904, ambamo watoto waliopotea wanamjengea msichana aitwaye Wendy kijumba chake. Papa ametengeneza wendi za watu kwa zaidi ya miaka 20. Ya kwetu hakuwahi. Na kilichonifanya nisimame nyuma ya jikoni nikilia kidogo si kijumba chenyewe. Ni kwamba alikichimbia mashimo.

Ili muelewe, inabidi tuanzie Goma.

Mji usiochimbika

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ikashuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaendelea hadi Ziwa Kivu. Watu kama 120,000 walibaki bila nyumba. Laki kadhaa walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na baada ya siku chache wakaanza kurudi huku mawe bado yana moto. Papa alikuwa na miaka 27. Nyumba ya mama yake, Koko wetu (ndivyo tunavyomwita bibi nyumbani), ilikuwa ya matofali. Ilibaki chini ya jiwe, pamoja na cherehani yake.

Kwa nyinyi wa pwani au wa Nairobi: lava ikipoa haiwi udongo. Ni jiwe jeusi lenye ncha, linakula soli za viatu. Yako majengo Goma ambayo ghorofa ya juu iligeuka kuwa ya chini, maana barabara mpya ilipita juu ya ile ya zamani. Mahali kama hapo msingi huchimbi. Ukipiga sururu inaruka, unabaki unauma mkono. Basi watu wakajenga kwa mbao. Unapanga mawe ya lava mpaka yalingane, unasimamisha juu yake fremu ya mikaratusi, unapigilia mbao za kulala, moja ikiipanda mwenzake kidogo ili mvua iteleze, halafu mabati. Mbao zinashuka kutoka milima ya Masisi, na mjini zinabebwa kwa chukudu, ule usafiri wa magurudumu mawili wa mti mtupu ambao Goma imeujengea hadi sanamu.

Papa alimjengea Koko nyumba ya namna hiyo kwa wiki tatu. Amenisimulia mara nyingi jinsi alivyobandika makatoni ndani kuzuia upepo, na jinsi alivyopaka nje oili chafu ya gari kuzuia wadudu. Lakini sifa yake kubwa, anasema, ni kwamba inahama. Kiwanja kikiingia maneno, mlima ukitisha, unang'oa misumari, unahesabu mbao zako, unaita chukudu. Na mlima ulitisha tena kweli, tarehe 22 Mei 2021. Nyumba ya Koko haikuguswa.

Mwisho wa 2003 Papa na Mama wakaja Johannesburg. Mimi nikazaliwa mwaka uliofuata.

Kila kitu kwa bisibisi

Watu hudhani nyumba ya fundi mbao imejaa makabati. Yetu wapi! Kila alichotutengenezea Papa kinafunguka kwa bisibisi: vitanda, meza, rafu za vitabu zinazoegemea ukuta bila kuugusa kwa msumari. Hata mwaka 2016, wazazi walipofanikiwa kununua hii nyumba ya Rosettenville, hakutoboa ukuta hata mara moja. Mama alitundika mapazia kwa kamba. Nikiwa na miaka 14 niliomba kabati la ukutani kama la rafiki zangu. Papa akanijibu kwa upole kabisa:

"Kabati ya ku ukuta, siku ya kuenda utaiachia nani?"

Siku ya kuenda. Haikuwa na tarehe, lakini kila kitu kwetu kilipangwa kwa ajili yake. Nimewahi kulifanyia mzaha jambo hili kwenye kipindi, mnakumbuka, na mkacheka kwa sababu wengi wenu mna baba wa aina hiyo hiyo.

Ila nisimwonee. Tarehe 11 Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianza Alexandra, zikasambaa, na nchi nzima watu zaidi ya 60 waliuawa. Sisi tulikuwa tunakaa Yeoville. Nilikuwa na miaka minne, na ninachokumbuka ni sauti ya bisibisi usiku. Papa alifungua vitanda viwili na meza, akavifunga kamba, na kabla hakujakucha tulikuwa kwenye bakkie ya rafiki yake, maana pikapu hapa ndivyo inavyoitwa. Tulikaa kwao wiki tano. Kuna waliokimbia wakaacha kila kitu. Sisi tulifika na vitanda.

Kwa hiyo nilipokua na kuanza kumwambia, "Papa, tumeshafika, tulia," yeye alikuwa na sababu zake, na mimi nilikuwa nimelala kwenye sababu hizo.

Koko ameuzisha

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma. Benki zikafungwa. Pesa taslimu ikawa shida hata kwa mwenye ndugu nje. Mwezi Machi Koko akapiga simu. Nilikuwa jikoni, simu iko kwenye spika.

"Ile nyumba, niliiuzisha."

Wenzangu wa Tanzania na Kenya, kwetu kuuza ni kununua. Kuuzisha ndiyo kuuza kwenu. Mbao alizichukua mtu mmoja, mabati mwingine. Chukudu zilikuja mara sita. Pesa ikamfikisha Kampala kwa shangazi yangu.

Papa aliuliza kitu kimoja tu. "Na mawe?"

Koko akacheka. "Mawe iko pale. Nani anauza mawe Goma?"

Papa naye akacheka. Akaenda kazini kama kawaida, akala kama kawaida. Lakini baada ya hapo sikumsikia tena akitaja siku ya kuenda. Ile ndiyo ilikuwa nyumba ya kurudia. Alikuwa anaijua ubao kwa ubao. Mwaka 2014 aliwahi kumwelekeza kijana kwa simu, saa nzima, namna ya kubadilisha mbao mbili za upande wa choo. Sasa mbao hizo ni jiko la mtu huko Ndosho, au ua. Nyumba ilifanya kile alichoijengea: ilihama. Tatizo ni kwamba ilihama bila yeye.

Jumamosi moja ya Mei nikamkuta uani na futi na kamba.

Mti uleule

Kwanza ramani. Sheria ya ujenzi ya nchi hii, namba 103 ya mwaka 1977, inahesabu banda la zana lisilozidi mita 10 za mraba kuwa kazi ndogo. Unaomba idhini, basi. Mahali atakapolala mtu ni habari nyingine, ramani lazima ipitishwe na manispaa. Chetu ni mita 10.8, na kitalala mtu. Nani, Papa hakusema. Tukachorewa, tukapeleka, tukasubiri. Nawaambia hivi kwa sababu najua baadhi yenu mtataka kuiga. Msianze na nyundo.

Agosti tukaenda kununua nguzo. Kwenye yadi ya mbao Papa aliinama akanusa kichwa cha nguzo kama mtu anayenusa embe sokoni. "Kalitusi," akasema. "Ni njo ileile."

Mti uleule, kweli. Mkaratusi asili yake ni Australia, lakini umetembea. Huko Kivu umejaa milimani. Na huku ulipandwa kwa ajili ya dhahabu. Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886 kwenye nyika isiyo na miti ya maana, na migodi ilihitaji magogo ya kushikilia mwamba usiwaangukie watu. Miaka ya 1890 kampuni ya Hermann Eckstein ilipanda mamilioni ya miti kwenye shamba la Braamfontein, mikaratusi kwa wingi, na msitu ule ukaitwa Sachsenwald. Leo ni mtaa wa matajiri, Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama. Kila nikipita pale nilidhani ile miti mirefu ni ya Mungu tu. Kumbe ni watoto wa magogo ya mgodi.

Nguzo tulizonunua ni za kipenyo cha kama sentimita 15, urefu mita 3.6, zimetiwa dawa. Hapa Papa anataka niandike vizuri, kwa hiyo andikeni na nyinyi. Mbao zenye dawa hapa zinagongwa muhuri wa H. H3 ni ya nje lakini isiyogusa ardhi. H4 ni ya kuzikwa udongoni. Ukizika H3 umepanda chakula cha mchwa. Pili, dawa haifiki hadi moyoni mwa mti. Ukikata nguzo, upande uliokatwa uwe juu, usiuzike kamwe. Tatu, zile zenye rangi ya kijani zina shaba, kromiamu na arseniki. Vipande vinavyobaki usichomee nyama. Najua wikendi za Joburg, najua braai, najua kuni zinaisha saa tisa mchana. Vitupe.

Leta sururu

Sasa ndiyo siku yenyewe.

Nikimjua Papa, nilikuwa nimeshajiandaa. Niliokota vitalu vya zege vinane nyuma ya gereji, nikavipanga uani mahali pa kila nguzo, nikavilinganisha kwa pima maji. Kama Goma. Nilitaka aone kwamba nimesikiliza miaka yote hiyo. Akatoka na chai yake, akavitazama vitalu, akavizunguka.

"Umepanga vizuri," akasema. "Viondoshe. Leta sururu."

Mashimo manane, kina sentimita 75, upana kama 40. Juu udongo mwekundu laini, chini changarawe ngumu. Papa alichimba shimo la kwanza peke yake bila kusema neno, na nikaona kitu ambacho sijawahi kuona: fundi huyu, ambaye msumeno kwake ni kama kijiko, hakujua kushika sururu. Aliishika karibu mno na chuma. Mimi, niliyejifunza kulima bustani shuleni, ndiye niliyemwonyesha ashike wapi.

"Papa, wewe hujawahi kuchimba?"

"Ya nyumba, hapana. Nilichimba 1994, lakini haikuwa ya nyumba."

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikaua watu maelfu kwa maelfu, na jiwe lile likakataa hata makaburi. Papa alikuwa na miaka 19. Hatukuendelea na mazungumzo hayo. Tukaenda shimo la pili.

Kwenye shimo la nne tukakuta jiwe. Tukakaa chini kupumzika, na hapo nikashindwa kunyamaza. Maisha yangu yote nilitaka baba yangu achimbe. Atoboe ukuta, apande mwembe, anunue kitu kizito. Sasa anachimba, na mimi nikajisikia kama nashuhudia mtu akikubali msiba. Nikamwambia:

"Papa, bado hatujachelewa. Tukiiweka juu ya vitalu, itahama."

Akafuta jasho. "Itahama iende wapi?"

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anauliza kweli, kama anavyouliza mteja anataka mlango ufungukie ndani au nje. Nikatafuta jibu. Koko yuko Kampala, kwenye sebule ya shangazi. Ndosho kuna mawe tu. Mimi niko hapa, kazi yangu iko hapa, nyinyi mnaonisoma wengi mko hapa. Sikupata. Papa akasubiri kidogo, kwa heshima tu, halafu akasimama tukalitoa lile jiwe kwa mtaimbo. Nikasema nakwenda kuleta maji, nikasimama nyuma ya jikoni mpaka macho yakakauka.

Jino kwa patasi

Yaliyofuata ni kazi, na kazi ilitutuliza wote wawili.

Chini ya kila shimo kokoto kidogo ili maji yapite. Nguzo inaingia, timazi inaning'inizwa pande mbili, halafu zege: saruji moja, mchanga tatu, kokoto nne. Juu ya zege unaliacha na mteremko kutoka kwenye nguzo ili mvua isituame pale, maana nguzo huozea hapo hapo usawa wa ardhi. Kabla ya kumwaga tulipima kona kwa kona. Chumba cha 3 kwa 3.6 kikiwa mraba sawasawa, kamba ya mshazari inatoa mita 4.69 pande zote mbili. Yetu ilitoa 4.69 na 4.74. Mimi nilisema sentimita tano si neno. Papa akasema, "Kamba haisemi bongo." (Bongo kwetu ni uongo. Wa Dar mtusamehe.) Tukachimba tena shimo la saba.

Tukasubiri wiki moja zege likaze, ndipo zikaanza kelele mlizosikia. Boriti za sakafu zinakaa sentimita 30 juu ya ardhi, na Papa hakutaka zining'inie kwenye bolti peke yake. Kila nguzo ikachongwa jino, boriti ikaketi ndani yake, kisha ndipo bolti. Aliniwekea alama kwa penseli nikachonga tatu kati ya nane. Moja alilirekebisha usiku nikiwa nimelala. Nililiona asubuhi, sikusema kitu.

Kuta tulipigilia mbao za nusu gogo, zile za paini zenye mgongo wa mviringo kwa nje, kuanzia chini kwenda juu. Katikati sufi ya kuzuia baridi, ndani boardi. Makatoni ya Goma yamestaafu. Joburg usiku wa Julai unaweza kugusa sifuri. Dirisha kubwa liko upande wa kaskazini, kwa sababu huku kusini mwa dunia jua la wakati wa baridi linapita huko. Mabati tuliyaweka wikendi ya tisa. Jumanne yake mvua ya mawe ikaja, ile ya Joburg ya saa kumi jioni. Tulikimbilia ndani, tukasimama gizani tumeziba masikio, tunacheka. Halikuvuja tone.

Kitu kimoja zaidi. Wikendi ya kumi Papa aliingia nyumba kubwa na drili. Akatoboa ukuta wa sebuleni matundu sita, akamtundikia Mama fimbo ya mapazia. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama alitazama, akasema upande wa kulia umepanda. Akateremsha.

Koko anakagua

Siku ya mwisho tulimpigia Koko kwa video. Papa alimtembeza na simu kama dalali: sakafu, kona, dari. Koko amevaa miwani ya shangazi, uso umejaa kwenye kioo chote. Akataka kuona chini. Papa akapiga goti, akamwonyesha nguzo inapoingia kwenye zege.

Koko akanyamaza. Halafu: "Haihame?"

"Haihame, mama."

Nilimtazama Papa, maana nilidhani ataongeza maneno, ataeleza, ataomba radhi. Hakuongeza. Koko naye akawa anatikisa kichwa taratibu, na sikuweza kujua ni kichwa cha kukubali au cha uchovu. Kisha akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi ya mtoto wake:

"Na mutu akiingia ku geti, nitamuona wapi?"

Hakuna dirisha upande ule. Ule ukuta tumeshaufunga, nje mbao, katikati sufi, ndani boardi iliyopakwa rangi. Papa akageuka akautazama. Hakumwambia habari za viza. Hakumkumbusha miaka yake, wala ya kwake. Akatoa penseli sikioni, akachora mraba ukutani, kwenye kimo cha mtu aliyeketi.

"Hapa, mama?"

"Chini kidogo."

Akafuta, akachora chini kidogo.

Kwa hiyo mkisikia msumeno kwenye kipindi kijacho, ni hilo dirisha.